Begi Kabla ya Fremu

Wengi wanaotaka kuingia kwenye biashara ya vitu vya kuchezea watoto huanza kwa kuulizia fremu. Ipo mtaa gani, kodi shilingi ngapi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita au ya mwaka, kuna kilemba? Mimi naona hilo ndilo swali la mwisho. Kwa mwenye mtaji mdogo ushauri wangu ni huu: beba begi kwanza. Chukua sampuli kwa mwenye duka la jumla, zizungushe kwenye maduka ya watu wengine, ule kamisheni yako. Ukishapita msimu mmoja wa Idi na mmoja wa Krismasi ukiwa na begi mgongoni, utakuwa umejua mambo ambayo mwenye fremu huyajua akiwa tayari anadaiwa.

Tupige hesabu, maana hesabu humtuliza mtu aliyeota duka la rangirangi. Tuseme umepata fremu ya shilingi 600,000 kwa mwezi. Kigari cha plastiki unakinunua Kariakoo kwa bei ya jumla ya 4,500, unakiuza 7,000. Faida yako ni 2,500. Ili kulipa kodi tu, bila umeme, bila msaidizi, bila leseni wala chakula cha mchana, itabidi uuze vigari 240 kila mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya tisa kwa siku, iwe Desemba au Februari. Tena mwenye nyumba hadai mwezi kwa mwezi. Anataka miezi sita mkononi, yaani 3,600,000 zimeondoka kabla hujanunua hata mpira mmoja. Fedha hiyo ingekununulia vigari 800.

Sasa mtazame mwenye begi. Tuseme amepatana kamisheni ya asilimia 10, ana maduka 40 kwenye njia yake, na kwa mwezi kila duka limechukua dazeni mbili za vigari vilevile. Ni vigari 960, kila kimoja kinampa 450, jumla 432,000. Si utajiri, na nauli inatoka humohumo. Lakini hana shilingi yake iliyolala kwenye rafu, na kila wiki anayasoma maduka 40 badala ya moja. (Hiyo asilimia 10 nimeitaja ili hesabu iwe nyepesi. Kwetu ni mapatano, na mwenye bidhaa inayojiuza yenyewe atakupa kidogo.)

Kazi yenyewe inafanywaje? Begi lisibebe kila kitu. Sampuli chache zinatosha. Kila sampuli iwe nje ya boksi, betri ndani, ikiwaka. Mwenye duka hana muda wa kusoma maandishi ya Kichina. Mpe mkononi, abonyeze, kilie, kitembee juu ya kaunta yake. Na usiwafuate wauza midoli peke yao, kwa sababu miji yetu ina maduka machache yanayouza midoli tu. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya shule, maduka ya nguo za watoto, famasi zenye rafu ya nepi na maziwa ya unga, vituo vya mafuta vyenye duka, hata saluni za kusukia ambako mama anakaa saa tatu huku mtoto analia.

Beba daftari, ukurasa mmoja kwa kila duka: tarehe, walichochukua, bei waliyoipachika wenyewe, na kilichobaki ulipopita tena. Ukirudi baada ya wiki mbili usiulize biashara inaendaje. Utajibiwa "tunamshukuru Mungu", na hapo hujajua kitu. Omba ruhusa uhesabu rafu. Pitisha kidole juu ya boksi. Lenye vumbi limeshakujibu. Oda ya kwanza mwenye duka huitoa kwa heshima, hasa kama umemwamkia vizuri na umeletwa na mtu anayemfahamu. Oda ya pili ndiyo biashara.

Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha kwamba mnunuzi wa vichezeo si mmoja. Shangazi anayekwenda bethdei ananunua boksi: liwe kubwa, liwe na dirisha la plastiki, na bei isizidi noti aliyoishika. Mama anayepita na mtoto anayevuta gauni ananunua chochote kitakachonyamazisha kilio, na hatatoa zaidi ya alichopanga kununulia nyanya. Mwalimu wa shule ya awali anataka kitu kisichovunjika, kinachooshwa, kinachotosha watoto kumi kwa pamoja. Huyo anachelewa kuamua, lakini akiamua anachukua kwa kreti. Duka la mtaa wa mashangazi likijazwa bidhaa za mama wa nyanya halitauza, hata bei ikiwa nzuri kiasi gani.

Makubaliano na mwenye jumla yaandikwe, hata kama ni mjomba wako. Mambo yanayowagombanisha watu katika kazi hii yanajulikana. La kwanza ni wakati wa kulipwa: unalipwa oda ikiandikwa, mzigo ukifika, au fedha ikiingia? Wengi watakuambia fedha ikiingia. Kubali, ila ujue kwamba hapo umeshakuwa pia mkusanya madeni, na kazi hiyo nayo ina bei yake. La pili, na hili ndilo linalouma zaidi, ni simu. Duka ulilolifungua kwa miguu yako, ukalisalimia mara tatu kabla halijanunua, siku moja litampigia mwenye jumla moja kwa moja. Je, oda hiyo ina kamisheni yako? Kama karatasi haisemi, jibu ni hapana. Iandikwe kwamba maduka yaliyo kwenye orodha yako ni yako kwa muda fulani, yaagize kwa mdomo, kwa simu au kwa ujumbe. Halafu eneo: nani mwingine anauza Mbagala au Rongai? Kichezeo kilichofika kimevunjika kinabadilishwa na nani, ndani ya siku ngapi? Sampuli ukiondoka unazirudisha? Duka likikimbia na deni, mwenye jumla asikate hasara yote kwenye jasho lako.

Maana madeni yapo. Kwetu mzigo mwingi hutembea kwa mali kauli: chukua, uza, ulete hela. Bila mali kauli nusu ya maduka ya mitaani yangefungwa, kwa hiyo sikushauri uikatae. Nakushauri uipime. Anza na kiasi kidogo ambacho hata kikipotea utalala usingizi, ongeza pale tu deni la zamani linapoisha, na usikubali mdaiwa mmoja ashike zaidi ya robo ya fedha unazodai nje, hata awe na jina kubwa namna gani. Nairobi inaikumbuka Nakumatt. Supamaketi ile iliyokuwa na matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda ilianza kuchelewesha malipo ya wasambazaji, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Wasambazaji wadogo ndio walioumia vibaya. Marekani nako, Toys "R" Us iliomba ulinzi wa mahakama Septemba 2017 ikiwa na deni la dola bilioni 5 hivi, sehemu kubwa likitokana na kununuliwa kwa mkopo mwaka 2005. Kufikia mwisho wa Juni 2018 maduka yake ya Marekani yalikuwa yamefungwa. Watoto hawakuwa wameacha kucheza. Lililokwama ni hesabu za wakubwa, na waliowapelekea mzigo kwa mkopo wakabaki na karatasi.

Tajiri mmoja maarufu wa biashara hii alitokea kwenye begi. Ty Warner, Mmarekani, alikuwa muuzaji wa kampuni ya vinyama vya manyoya ya Dakin kabla ya kuanzisha kampuni yake mwaka 1986. Vinyama vyake vya Beanie Babies, vilivyojazwa punje za plastiki na kuuzwa kwa dola 5 hivi, vilitoka mwaka 1993. Hakuvipeleka kwenye maduka makubwa yenye matawi kila mji. Alivipeleka kwenye maduka madogo ya zawadi, yale aliyokuwa akiyazungukia alipokuwa muuzaji. Mwenye duka dogo hukipigania kitu ambacho jirani yake mkubwa hana. Kikishafika supamaketi kwa bei ya chini, anakiondoa dirishani. Hiyo ni akili ya mtu wa njiani, aliyekaa na wenye maduka akasikia wanacholalamikia.

Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili. Warner alikuwa akisitisha baadhi ya vinyama ili viadimike, watu wakaanza kuvihifadhi kama dhahabu, na miaka ya 1990 ilipokuwa ikiisha bei zikaporomoka. Walioagiza kwa tamaa wakabaki na maboksi. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya kile kidude cha kuzungusha kwenye vidole, spina, kilichouzwa hadi kwenye foleni za magari. Miezi michache baadaye hukuweza kukigawa bure. Mwaka 2025 dunia ikamkimbilia Labubu wa Pop Mart, na bandia zake zikaja nyuma yake mbio. Kitu cha fasheni usikiagize China. Meli inatumia mwezi mmoja au mmoja na nusu baharini, bado bandari, bado forodha, na fasheni haisubiri meli. Kinunue kwa jumla Kariakoo au Kamukunji, dazeni chache, uza, rudi tena. Utapata faida ndogo kwa kila kimoja, na hutarithi mzigo uliolala.

Linalostahili kuagizwa mapema ni lile la kila mwaka, na hapa kalenda ndiyo bosi. Krismasi haihami, kila mtu anaijua. Idi inahama, inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na wengi huisahau hadi Ramadhani imeandama. Pwani na visiwani huu ndio msimu wa pekee ambao mtoto mwenyewe ndiye mnunuzi. Kashika mkono wa Idi aliopewa na wajomba na majirani, kavaa nguo mpya, na anashuka Mnazi Mmoja pale Unguja kutafuta kitu cha 500, cha 1,000, cha 2,000. Boksi kubwa la shangazi halina kazi siku hiyo. Weka maputo, pia za kuzungusha, filimbi, miwani ya plastiki, bastola za maji, na chenji ya kutosha.

Kibaya ni kwamba Idi inazidi kuusogelea Mwaka Mpya wa Kichina, wakati viwanda vya huko hufungwa wiki kadhaa. Mwaka 2027 mwaka wao mpya ni Februari 6, na Idi el-Fitri inatazamiwa karibu na Machi 10. Hakuna mzigo utakaotoka kiwandani baada ya sherehe zao ukawahi. Ifikapo 2030 sikukuu hizo mbili zitakaribia kugongana, Mwaka Mpya wa Kichina Februari 3 na Idi siku moja au mbili baadaye. Maana yake mzigo wa Krismasi na wa Idi utaingia bandarini pamoja, na utahitaji mtaji wa misimu miwili kwa wakati mmoja. Anayepanga kukopa aanze kuzungumza na benki au kikoba chake mapema.

Ukifika hatua ya kuagiza mwenyewe, jifunze kuogopa hewa. Vichezeo ni vyepesi lakini vinajaza nafasi, na wanaochangisha kontena hutoza kwa ujazo, kwa mita ya ujazo, ile wanayoiita sibiemu. Tuseme ni shilingi 900,000 kwa sibiemu moja. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni sibiemu 0.12, kwa hiyo inakula 108,000. Ikiwa na vigari 144, kila kimoja kimebeba 750 ya usafiri. Ikiwa na madubu 12 ya manyoya, kila dubu amebeba 9,000 kabla hujamlipia kiwandani. Ndiyo sababu dubu mkubwa ni ghali dukani na bado mwenye duka analalamika. Muulize muuzaji vipimo vya katoni na idadi iliyomo kabla ya kuuliza bei. Sehemu kubwa ya bidhaa hizi hutoka Chenghai, wilaya ya mji wa Shantou katika jimbo la Guangdong, hata kama umezinunua Yiwu. Na ukienda maonyesho ya Guangzhou, vitu vya kuchezea huwekwa awamu ya tatu, mwanzoni mwa Mei na mwanzoni mwa Novemba; aliyewahi awamu ya kwanza atarudi na picha za mashine.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa vichezeo ni asilimia 25 ya thamani pamoja na bima na nauli, kisha VAT juu ya jumla hiyo, 18 Tanzania na 16 Kenya. Mzigo wa thamani ya 100 umeshakuwa 147.50 Dar es Salaam au 145 Mombasa, bila tozo nyingine. Anayekuchangishia kontena akisema bei yake "ina kila kitu", dai hati na risiti. Maofisa wa kodi wakiingia dukani hawatamuuliza yeye. BRELA, TIN, leseni ya halmashauri, mashine ya EFD au eTIMS kwa walio Kenya: hayo ni ya kufuata foleni tu, sina la kuongeza. Midoli yenye sura za katuni maarufu, iliyotengenezwa na asiye na haki, ni jambo jingine. Tume ya Ushindani Tanzania na Mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia Kenya huikamata na kuiteketeza, na muuzaji mdogo hupoteza mzigo na kupata kesi.

Usalama ndio unaotenganisha duka na meza ya njiani, na wenye maduka wengi huupuuza kwa sababu mteja haulizi. Chukua bisibisi ndogo, uwe nayo kaunta. Kabla ya kuuza kichezeo kinacholia, kigeuze, tazama kifuniko cha betri. Kama kinafunguka kwa ukucha na ndani mna zile betri ndogo za duara za saa, usimuuzie mwenye mtoto mchanga: betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Vuta macho ya dubu, vuta magurudumu ya kigari. Kipimo kinachotumika Marekani na Ulaya kwa watoto wa chini ya miaka 3 ni kibomba cha kipenyo cha milimita 31.7; kipande kinachoingia humo chote kinaweza kumkaba mtoto. Kwa kipimo cha nyumbani, kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni ni kipana kidogo kuliko hapo, kwa hiyo kinachopita humo kikatae. Rangi nayo ina historia yake. Mwaka 2007 Mattel, kampuni ya Barbie, ililazimika kuviita virudi vichezeo vilivyotengenezwa China kwa rangi yenye risasi, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria kali zaidi. Kama kampuni ya ukubwa huo ilipenyezewa, wewe usiye na hati ya viwango ya TBS au KEBS unajilinda kwa nini? Mwambie mteja umri kwa mdomo: "Huyu wa miaka miwili, mama, mchukulie hiki kikubwa." Mara nyingi utamuuzia cha bei ndogo kuliko alichotaka. Atarudi, tena na dada yake.

Kuna faida nyingine ya njiani ambayo haionekani kwenye hesabu za kamisheni: unasikia kinachoulizwa na hakipo. Taofick Okoya wa Nigeria alianza mwaka 2007 kutengeneza wanasesere weusi, Queens of Africa, waliovaa mavazi ya Wayoruba, Waigbo na Wahausa, na kwanza alipambana na wenye maduka walioamini kwamba mwanasesere mweusi hauziki. Kwetu uliza nani anauza bao dogo la safari lenye kete zisizopotea, au picha za kuunganisha zenye Mlima Kilimanjaro badala ya theluji ya Ulaya, au mwanasesere mwenye nywele za kusuka kwelikweli. Kila duka likikuuliza kitu kilekile, kiandike nyuma ya daftari. Huko ndiko bidhaa yako mwenyewe itakapotokea, itakayokutoa kwenye kugombea bei na kila mtu wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo.

Na fremu? Ulizia pale daftari linapokuonyesha vitu kumi vinavyoagizwa tena na tena bila kubembelezwa. Usikodi Kariakoo, maana pale utauza mlango kwa mlango na watu wanaokuuzia wewe. Tafuta njia ya kliniki ya watoto, au lango la shule ya awali, au ukumbi unaofanyiwa bethdei kila Jumamosi. Iwe chini, si ghorofani. Mama mwenye mtoto mgongoni hapandi ngazi kwa ajili ya kigari. Mkataba usiufunge Novemba, mwenye nyumba naye anaijua Krismasi. Nusu ya fedha ya mzigo nunua vile vitu kumi vya kwenye daftari, robo nunua vya msimu ulio mbele yako. Robo iliyobaki usiiguse. Ni ya kulipia kodi Januari na Februari, wazazi wanapokuwa kwenye foleni za ada na sare.